Kuunganisha printa na waifai ya nyumbani ili isipotee kila stima ikirudi

Watu wengi hapa Kisumu wananunua printa ya nyumbani siku hizi na sababu zinaeleweka. Mtoto anarudi jioni na kazi ya shule inataka picha za wanyama kesho asubuhi na saiba zishafungwa, ama kuna matanga na familia inataka eulogi za kutosha kabla ya Ijumaa, ama mwalimu ako na mtihani wa darasa zima. Printa inakuja, inaunganishwa na waifai siku ya kwanza, inafanya kazi poa kabisa, alafu siku moja stima inapotea, inarudi, na laptopu inaanza kusema printa iko oflaini. Hapo ndio mtu anaita fundi ama anaanza kusema amenunua printa mbovu. Haijaharibika, omera. Mara nyingi ruta imeipatia anwani mpya, yaani ile nambari vifaa vinatumia kutafutana kwa waifai, na laptopu bado inaitafuta kwa anwani ya zamani.

Kwa hivyo hapa nitakuonyesha jinsi ya kuiunganisha, lakini ile kazi naomba usiiruke ni ya kuipatia printa anwani ya kudumu. Ukiifanya hiyo mara moja, shida nyingi hutaziona tena.

Kwanza angalia kama printa yako iko na waifai

Hii inaonekana ndogo lakini inaumiza watu pesa. Printa mbili zinaweza kufanana sura kabisa na moja haina waifai. Epson L3210 na L3250 ukiziweka pamoja utadhani ni kitu kimoja, lakini L3210 ni ya waya wa USB peke yake na L3250 ndio iko na waifai. Canon G2420 haina, G3420 iko nayo. Kwa HP nyingi za leza angalia herufi ya mwisho, HP Laser 107a ni ya waya na 107w ni ya waifai. Muulize muuzaji akuonyeshe alama ya waifai kwa boksi kabla hujalipa, usikubali tu "hii iko na kila kitu".

Kama umeletewa printa na ndugu yako kutoka Marekani, geuza usome lebo ya stima nyuma kabla ya kuchomeka. Za wino nyingi zimeandikwa 100-240V na hizo ziko sawa, lakini printa nyingi za leza za huko ni za 110 mpaka 127V na stima yetu ni 240V, ukichomeka moja kwa moja inaungua. Alafu pia katriji za wino za huko mara nyingine hazilingani na zile zinauzwa hapa.

Kama yako ni ya waya pekee usiitupe. Unaweza kuiunga na kompyuta moja kwa USB alafu uishare kutoka hiyo kompyuta kwa setingi za Windows, ubaya wake ni kwamba hiyo kompyuta lazima iwe imewashwa ndio wengine waprinti. Na kama iko na shimo la waya wa LAN nyuma, chomeka tu kwa ruta na umemaliza nusu ya kazi, hiyo ndio njia imara kuliko zote na mimi ningeichagua kila mahali ruta na printa ziko chumba kimoja.

Alafu angalia ruta

Ruta nyingi za faiba zinatoa waifai aina mbili, ya 2.4GHz na ya 5GHz. Ya 5 ina kasi lakini haipenyi kuta vizuri, ya 2.4 inaenda mbali. Printa nyingi za bei ya kawaida zinajua 2.4 peke yake, L3250 ni mojawapo. Kwa hivyo ukiona waifai yako kwa simu lakini printa haiioni kabisa, usianze kulaumu pasiwadi, angalia kama hiyo unayoitafuta ni ya 5. Mara nyingi jina linaishia na 5G ama _5. Wewe tafuta ile ingine.

Kuna ruta zimeunganisha zote mbili kwa jina moja, na hapo printa inaweza kusumbua wakati wa kuunganisha. Ingia kwa setingi za ruta uzitenganishe, uipatie kila moja jina lake. Kuingia kwa ruta unafungua brauza ya simu ama laptopu ikiwa kwa hiyo waifai, unaandika anwani ya ruta. Ruta nyingi za faiba za Huawei zinatumia 192.168.100.1, zingine ni 192.168.1.1 ama 192.168.0.1. Geuza ruta chini, kuna stika ina anwani, jina la kuingilia na pasiwadi. Kama pasiwadi ilibadilishwa na wale waliokuja kuinstoli, wapigie hao wakupatie, ni haki yako kama mteja kuuliza.

Ukiwa hapo ndani angalia pia aina ya usalama wa waifai. Kama imewekwa WPA3 peke yake, printa za zamani zitakataa kuingia hata pasiwadi ikiwa sawa. Weka WPA2, ama ile ya kuchanganya WPA2 na WPA3. Usiache waifai wazi bila pasiwadi ati ndio printa ikubali, hapana.

Na kama huna faiba, unatumia hotispoti ya simu tu? Inawezekana vizuri. Printa inaingia kwa hotispoti, laptopu nayo inaingia, zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Kwa Android ingia setingi za hotispoti uchague 2.4GHz, kwa iPhone kuna swichi inaitwa "Maximize Compatibility", iwashe. Jina na pasiwadi ya hotispoti usibadilishe tena baada ya hapo ju printa inakumbuka hiyo tu.

Kuna watu hawajui hili na linawazuia kununua printa: kuprinti ndani ya nyumba hakuli bando. Karatasi inatoka kwa laptopu inapita kwa ruta inaenda kwa printa, intaneti haihusiki. Hata faiba ikikatwa ju hujalipa mwezi, bora ruta iko na stima utaprinti. Ile tu ya kuchunga ni ukinunua HP na wakati wa kuiseti ukubali mpango wao unaitwa HP+, hapo printa itataka intaneti na wino original wa HP. Kama nyumbani kwenu intaneti ni ya kubahatisha, usikubali huo mpango. Soma kila skrini kabla ya kubonyeza endelea.

Sasa kuunganisha yenyewe

Weka printa karibu na ruta kwa hii kazi, chumba kimoja kama inawezekana, utairudisha mahali pake baadaye. Iwashe, weka wino na karatasi, ngoja itulie.

Njia ninayopendekeza kwa watu wengi ni ya simu. Pakua apu ya kampuni ya printa, HP iko na yake, Epson wako na Smart Panel, Canon wako na Canon PRINT, zote za bure kwa Play Store na App Store. Kabla hujafungua apu fanya hivi: unga simu na waifai ya 2.4 ile printa itatumia, washa Bluetooth, washa lokesheni, na uzime data ya simu. Lokesheni inashangaza watu lakini Android hairuhusu apu kutafuta waifai zilizo karibu kama lokesheni imezimwa, ndio maana apu inazunguka tu haioni printa. Na data tunaizima ju katikati ya kazi simu inaingia kwa muda kwenye waifai ya printa yenyewe, ambayo haina intaneti, sasa simu ikiona hakuna intaneti inaruka kwa data na kazi inakatika. Hapo ndio wengi wanakwama na wanarudia rudia bila kujua ni nini.

Fungua apu, chagua kuongeza printa, itaiona, itakuuliza pasiwadi ya waifai. Andika pole pole, herufi kubwa na ndogo ni tofauti, na sifuri na O zinachanganya sana kwa zile pasiwadi za stika. Ngoja dakika mbili tatu hivi. Taa ya waifai kwa printa ikiacha kupepesa na kukaa imewaka, imeingia.

Kama apu haioni printa kabisa, pengine printa imetoka kwa hali ya kusetiwa. Za HP zinakaa kwa hiyo hali masaa mawili tu tangu uziwashe mara ya kwanza ama uzirudishe mwanzo, baada ya hapo zinaacha kujitangaza. Rudisha setingi za waifai za printa mwanzo, kwa modeli nyingi unashikilia batani ya waifai sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa, lakini batani zinatofautiana, kwa hivyo angalia kile kikaratasi kilikuja kwa boksi.

Njia ya pili ni WPS, haina pasiwadi. Kwa ruta kuna batani imeandikwa WPS. Unaweka printa kwa hali ya WPS, kwa Epson za tangi kama L3250 unashikilia batani ya waifai mpaka taa zipepese kwa kupokezana, alafu ndani ya dakika mbili unabonyeza WPS ya ruta. Zinakutana zenyewe. Ni njia tamu kwa printa haina skrini, ila ruta ikiwa ya WPA3 pekee haitafanya. Ukimaliza, ni vizuri uizime WPS kwa ruta ju iko na udhaifu wa kiusalama unaojulikana miaka mingi.

Printa za skrini ni rahisi zaidi, unaingia setingi, netiweki, unachagua waifai yako kwa orodha na kuandika pasiwadi hapo hapo.

Printi ripoti ya netiweki

Ikishaingia, printi ripoti ya netiweki. Kwa HP nyingi ni ile batani ya herufi i, kwa printa za skrini utaipata kwa menyu ya netiweki, na apu nyingi pia zinaonyesha hizo habari. Soma mahali pameandikwa IP, hiyo ndio anwani ya printa. Ukiona kitu kama 192.168.100.15 uko sawa, sehemu tatu za kwanza zinafanana na za ruta. Ukiona inaanza na 169.254, printa haikupewa anwani na ruta, imejipatia yenyewe, na hakuna kompyuta itaipata hapo. Zima printa, washa ruta upya, ngoja, washa printa, printi ripoti tena.

Kwenye hiyo karatasi kuna pia MAC, kitambulisho cha printa yenyewe, herufi na nambari kumi na mbili. Usitupe hiyo karatasi, tunaihitaji sasa hivi.

Anwani ya kudumu, usiruke hapa

Ruta ndio inagawa anwani kwa kila kitu kinaingia nyumbani, simu, TV, laptopu, printa. Inagawa kwa muda tu. Stima ikipotea na kurudi, ruta nyingi zinaanza orodha upya na zinagawa kwa yule amefika kwanza, na simu huwa inafika haraka kuliko printa. Ni kama ploti ambayo wapangaji wanahamishwa vyumba usiku, alafu mtu wa kuleta maziwa anakuja asubuhi anagonga mlango ule wa jana. Mtu wa maziwa ndio laptopu yako.

Dawa ni kuambia ruta kwamba hii printa chumba chake ni hiki, milele. Ingia kwa ruta vile nilieleza, tafuta sehemu ya LAN ama DHCP, ndani yake kuna kitu kinaitwa "DHCP Static IP" ama "Address Reservation", jina linategemea ruta. Bonyeza kuongeza mpya, andika ile MAC ya kwa karatasi, alafu andika IP unayotaka printa iwe nayo. Mimi huchagua nambari ya juu, tuseme 192.168.100.200, ju simu za wageni mara nyingi zinapewa za chini na hii inakuwa rahisi kukumbuka. Sevu. Zima printa na uiwashe. Printi ripoti tena uone kama imechukua 200.

Ruta zingine za watoa huduma zimefungwa, hiyo sehemu huioni. Basi fanya upande wa printa. Andika IP ya sasa ya printa kwa brauza, utaona ukurasa wa printa yenyewe, ndio, printa nyingi ziko na ukurasa wao ndani. Ingia netiweki, toa ile ya otomatiki, weka ya mkono: IP unayotaka, subnet 255.255.255.0, na gateway ni anwani ya ruta. Hapa uwe makini kuchagua nambari ambayo ruta haiwezi kugawia mtu mwingine, la sivyo vifaa viwili vitagombania moja. Ukiwa kwa huo ukurasa weka pia pasiwadi ya admini ya printa, wengi hawajui hata ipo.

Laptopu na simu

Laptopu ya Windows: ingia Settings, Bluetooth & devices, Printers & scanners, bonyeza "Add device". Itatafuta, na mara nyingi itaona printa. Lakini nakushauri ungoje itokee ile ya kuongeza kwa mkono, "Add manually", uchague kuongeza kwa IP, aina iwe TCP/IP Device, uandike ile anwani ya kudumu. Sababu ni hii, Windows ikiiongeza yenyewe mara nyingi inatumia njia inaitwa WSD, ambayo kazi yake ni kutafuta tafuta, na hiyo ndio hupenda kusema oflaini bila sababu. Kwa TCP/IP inaenda moja kwa moja kwa anwani na haiulizi mtu.

Kama printa iliongezwa zamani na imejaa foleni ya kazi zimekwama, futa foleni yote, toa printa, uiongeze upya kwa hii njia. Angalia pia kwa dirisha la foleni kama kuna tiki kwa "Use Printer Offline", itoe. Na hakikisha Windows imeandika waifai yako kama Private, kwa Public inaficha vitu.

Mac na iPhone hazina kazi nyingi, printa inayosapoti AirPrint (njia ya Apple ya kuprinti bila waya) inatokea yenyewe ukibonyeza kuprinti. Android nayo iko na huduma ya kuprinti ndani tayari, na isipoona, weka Mopria Print Service kutoka Play Store. Kitu kimoja cha kuangalia kwa zote ni VPN, zile apu za kupitisha intaneti yako kwa njia ya siri, ukiwa na VPN imewashwa simu ama laptopu inaweza kushindwa kuona vitu vya ndani ya nyumba. Izime, jaribu tena.

Kama mnashare waifai na majirani

Kwa ploti nyingi za Migosi, Manyatta, na hata kule Nakuru mitaa kama Free Area, watu wanachangia faiba moja. Sasa printa yako ikiingia kwa hiyo waifai kila mtu ataiona na anaweza kutuma kazi, hata kama ni kwa kukosea, na kile ulichoskani pia kinaweza kuonekana kama printa haina pasiwadi. Kama ruta ni yako, washa netiweki ya wageni, weka majirani huko, wewe na printa mbaki kwa ile kuu. Netiweki ya wageni kawaida inazuia vifaa kuonana, na hiyo ndio tunataka hapa. Lakini ukumbuke upande wa pili: wewe mwenyewe ukiwa kwa waifai ya wageni kwa bahati mbaya printa itapotea, na hiyo ni moja ya vitu vya kwanza kuangalia mtu akisema "jana ilikuwa inaprinti".

Kama ruta si yako, tumia Wi-Fi Direct, simu inaongea na printa moja kwa moja bila ruta. Badilisha pasiwadi yake, kuna printa za HP ambazo zinakuja na 12345678 na kila mtu anaijua.

Stima, radi na mahali pa kuweka

Stima ikirudi, washa ruta kwanza, ngoja taa zitulie dakika mbili tatu, ndio uwashe printa. Printa ya wino izime kwa batani yake kabla ya kuchomoa kwa ukuta, ju ikizimwa kwa batani inarudisha kichwa mahali pake na kukifunika, ukichomoa ghafla kinabaki wazi na wino unakauka ndani.

Huku kwetu karibu na ziwa, na juu Kakamega na Kericho, radi ni za karibu kila jioni wakati wa mvua. Ukisikia ngurumo chomoa ruta na printa, na kama printa ni ya waya wa LAN chomoa na huo waya pia, ju mshtuko unapita hapo. Ukiwa na kale kaUPS kadogo ka ruta, kale kabetri ka kushikilia stima ikipotea, ni kazuri sana, lakini usiunge printa ya leza hapo, ile sehemu ya kupasha moto karatasi inavuta stima nyingi kwa mara moja na itakazima ama ikaharibu.

Printa ukiirudisha mahali pake, usiiweke nyuma ya friji ama kando ya maikrowevu, zile maikrowevu zinasumbua hiyo hiyo 2.4GHz. Printi ripoti moja ya mwisho ikiwa hapo, uone nguvu ya waifai. Ikiandikwa dhaifu, sogeza ruta ama printa hata mita moja mbili, alafu ujaribu kuprinti kurasa za picha, si za maandishi peke yake, ju picha ndio zinaonyesha kama mawasiliano yanakatika katikati.